Mstari mmoja kwenye pembe ya dhahabu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, mwaka wa pili. Darasani tuliambiwa kwamba moja ya sentensi kamili kongwe kabisa za lugha za Kijermaniki (ukoo wa Kiingereza na Kijerumani) iliandikwa kwa runi, zile herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya, juu ya pembe ya dhahabu huko Denmark, na kwamba pembe yenyewe haipo tena. Sasa wataalamu wanajuaje walivyokuwa wakisema watu wa miaka 1,600 iliyopita? Na mtu kama mimi, nisiyejua Kijerumani wala sina nauli ya kwenda Ulaya, nikitaka kujifunza nianzie wapi?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, ila jibu la pili limo ndani ya la kwanza. Anzia hapohapo kwenye pembe. Ukianza na chati ya herufi utachoka mapema, na ukianza na zile kurasa za uganga wa runi zilizojaa mtandaoni utapotea moja kwa moja.

Pembe zilikuwa mbili, na zote zilitoka kijiji kimoja, Gallehus, kusini mwa rasi ya Jutland. Ya kwanza binti aitwaye Kirsten Svendsdatter alijikwaa nayo mwaka 1639. Ya pili ilifukuliwa mwaka 1734 na Erich Lassen, hatua chache tu kutoka pale ilipopatikana mwenzake, na hiyo ndiyo iliyokuwa na maandishi kuzunguka mdomo wake. Ziliishia katika hazina ya mfalme jijini Copenhagen. Mwezi Mei 1802 sonara mmoja, Niels Heidenreich, aliziiba na kuziyeyusha. Dhahabu iliyofuliwa karibu mwaka 400 ikageuzwa mapambo na sarafu. Zinazoonyeshwa makumbusho leo ni nakala tu. Bahati ni kwamba pembe ya pili ilichorwa vizuri, runi kwa runi, mara tu ilipopatikana, na kwa herufi zenyewe hakuna ubishi mkubwa. Zinasomeka hivi:

ekhlewagastiz : holtijaz : horna : tawido :

Runi 32, na kati ya maneno kuna nukta. Tafsiri ya kawaida ni: "Mimi Hlewagastiz, wa Holt, pembe nilitengeneza." Wengine husema "mwana wa Holt", wengine "mtu wa msituni", kwa kuwa holt ni msitu. Nitakurudisha kwenye mstari huu mara kwa mara, kwa hiyo unakili sasa hivi kwenye daftari.

Kabla hatujaenda mbali, jizoeze kutenganisha vitu vitatu ambavyo wageni wa fani hii huvichanganya. Kuna kilichochongwa, yaani mikwaruzo juu ya mfupa, chuma au jiwe. Kuna kilichosomwa, yaani herufi ambazo msomaji anadai mikwaruzo hiyo ni zenyewe. Halafu kuna maana. Chukua kitana cha Vimose, kilichotoka kwenye kinamasi cha kisiwa cha Fyn, Denmark. Ni cha karibu mwaka 160, na ni mojawapo ya vyombo vikongwe kabisa vyenye maandishi ya runi ambayo karibu kila mtu anayakubali. Kina runi tano zinazosomeka bila taabu: harja. Je, ni jina la mwenye kitana? Ni neno linalohusiana na jeshi? Au ni jina la kitana chenyewe, kama mtu anavyoandika "SUKARI" kwenye kopo la sukari? Wenye fani wanabishana hadi leo. Herufi zina uhakika, maana haina. Jiwe la Svingerud, lililofukuliwa kaburini Norwe mwaka 2021 na kutangazwa Januari 2023, ni hivyohivyo: herufi zinasomeka idiberug, na kila mtaalamu ana lake la kusema juu ya neno hilo. Mtu akikupa tafsiri laini isiyo na kokwa ya maandishi ya zamani hizo, mwulize kwanza herufi zenyewe ni zipi.

Sasa turudi kwenye pembe. Shika sehemu moja tu, gastiz, iliyo ndani ya jina la huyo fundi. Maana yake ni "mgeni". Kijerumani cha leo husema Gast. Kinorwe cha kale, lugha ya simulizi za Waiceland, kilisema gestr. Kigothi, ambacho askofu Wulfila alikitumia kutafsiri Biblia katika karne ya 4, kilisema gasts. Weka maneno haya manne kwenye mstari mmoja na uyatazame mwishoni: -z, kisha hakuna kitu, kisha -r, kisha -s.

Hapa ndipo runi zinapokuwa na thamani. Alama iliyo mwisho wa gastiz si ile runi ya s wala si ile ya r. Ni runi ya tatu, yenye umbo lake. Aliyechonga alikuwa na s na r tayari na hakuzitumia, kwa hiyo alichokuwa akitamka hapo hakikuwa s wala r. Sauti gani basi inaweza kugeuka s kwa ndugu mmoja, r kwa ndugu wa pili, na kutoweka kabisa kwa wa tatu? Jibu linalokaa vizuri ni z, yaani s iliyotiwa sauti, ambayo huko kaskazini baadaye iliteleza kuelekea r. Ndiyo maana katika vitabu utaiona runi hiyohiyo ikiandikwa z na mtaalamu mmoja na R kubwa na mwingine. Hawapingani kuhusu alama. Wanapingana kuhusu ilikuwa imeteleza hadi wapi wakati huo.

Tazama pia i iliyo kabla ya z. Kigothi cha Biblia hakina i hiyo, kinasema gasts. Wala hakina a ya mwisho ya horna, kinasema haurn. Pembe na tafsiri ya Wulfila zinakaribiana sana kwa umri, lakini mstari huu mfupi umehifadhi viishio ambavyo kitabu kizima kilikuwa kimeshavipoteza. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza, peke yangu na penseli, nilicheka kwa sauti maktabani na mkutubi akanitazama vibaya.

Wewe umesoma isimu ya Kibantu, kwa hiyo kazi hii si ngeni kwako. Sisi tunasema mtu. Mganda anasema omuntu, Mnyarwanda umuntu, Mkongo muntu, Mkikuyu mũndũ. Huhitaji hati yoyote ya miaka 2,000 kujua kwamba Kiswahili kimedondosha u ya kiambishi na n ya shina. Ndugu zake wanashuhudia. Hivyo ndivyo wataalamu wa karne ya 19 walivyoijenga upya lugha mama ya Kijermaniki na kuyatia maneno yake kinyota mbele, kuonyesha kwamba hayakupatikana popote yameandikwa. Tofauti ni kwamba wao wana runi. Fikiria kama Kilwa tungefukua kitana cha miaka hiyo kimechongwa muntu. Kinyota kingefutwa siku hiyohiyo. Gastiz ya Gallehus ndiyo aina hiyo ya bahati.

Kuna shahidi mwingine, naye hana undugu na lugha hizi kabisa: Kifini. Mfini husema kuningas kwa "mfalme" na rengas kwa "pete" au "duara". Maneno hayo aliyakopa kwa majirani zake wa Kijermaniki zamani sana, yakiwa na kiishio -az, kilekile unachokiona kwenye holtijaz. Wenye neno wamekitupa kiishio hicho: Mwingereza anasema king, Mjerumani König, Mswidi kung. Mkopaji amekitunza. Ukishangaa, tia mkono mfukoni. Hela tunayoitumia kila siku ni Heller, sarafu ya enzi ya Wajerumani hapa kwetu. Wajerumani wenyewe hawana tena sarafu hiyo, sisi bado "hatuna hela".

Neno la mwisho la pembe, tawido, ni "nilitengeneza". Kigothi kina tawida. Ile -d- iliyo ndani ndiyo alama ya wakati uliopita, nayo ndiyo hiyo inayoishi kwenye -ed ya Kiingereza na -te ya Kijerumani. Na ek, "mimi", ni ndugu wa ich ya Kijerumani na ego ya Kilatini. Msikilize pia fundi kwa sikio la mshairi: hlewa-, holt-, horn-. Sisi tunapanga vina mwishoni mwa vipande. Wao walipanga sauti mwanzoni mwa maneno yenye mkazo, h tatu kisha neno la nne likaachwa huru. Ni kanuni ileile iliyotawala mashairi ya Kiingereza cha kale na ya Iceland karne nyingi baadaye. Fundi hakuwa anaandika risiti.

Pembe inasomeka kwa urahisi kuliko maandishi mengi. Ili uone ugumu wa kweli, twende Norwe, kwenye jiwe la Tune, ambalo nalo linawekwa karibu na mwaka 400. Upande mmoja wake unasema:

ek wiwaz after woduride witadahalaiban worahto

Ek unamjua. Wiwaz ni jina, na kiishio chake unakijua pia. After ni "baada ya", kwa maana ya "kwa kumkumbuka". Wodurid- ni jina la marehemu. Halafu linakuja dubwana lile: witadahalaiban. Ukilitafuta hivyo lilivyo katika kamusi yoyote hulipati. Kuna mambo mawili yanayolificha.

La kwanza: wachongaji wa runi waliacha mara nyingi kuandika n au m inapotangulia konsonanti nyingine. Witada ni witanda. Usiwacheke. Katika miswada mingi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nd huandikwa d tu na mb huandikwa b tu, na msomaji anayejua lugha hujazia king'ong'o mwenyewe. Aliyeandika hakukosea, aliandika kwa ajili ya mtu aliyekuwa akiijua lugha hiyo tangu utotoni. Sisi tulio nje ndio tunaotoka jasho.

La pili: kati ya konsonanti mbili zinazobanana, mchongaji wakati mwingine hupenyeza a. Hala ni hla. Ni tabia ileile inayomfanya fundi wetu aseme sikrubu na bibi aseme bulangeti. Ondoa a hiyo, rudisha n, upate witanda-hlaiban. Hlaib- ni mkate, ndiyo loaf ya Kiingereza. Wit- ni kuangalia, kutunza. Marehemu alikuwa "mtunza mkate", yaani bwana aliyewalisha watu wake. Na Kiingereza kikatengeneza cheo kwa fikra hiyohiyo: lord ni hlafweard iliyosagika, "mlinzi wa mkate". Worahto nayo ina a ya kupenyeza. Ni worhto, "nilitengeneza", ndugu wa wrought. Profesa Sophus Bugge wa Norwe na wenzake wa karne ya 19 walisumbuka sana na mawe kama haya, na baadhi ya usomaji wao wa mwanzo ulikuja kutupwa. Ndivyo kazi ilivyo.

Umeuliza tunajuaje walivyosema. Njia mojawapo ni kuitazama lugha ikibadilika mikononi mwa wachongaji. Mkazo wa lugha hizi ulishika silabi ya kwanza, na kilichokuwa nyuma kikaanza kulika. Huko Blekinge, kusini mwa Uswidi, kuna kundi la mawe ya karibu karne ya 6 na ya 7. Jiwe la Istaby lina jina haþuwulafz, "mbwamwitu wa vita". Herufi þ ni th ya thamani. Miaka 200 nyuma jina kama hilo lingeishia na -wulfaz au -wolafaz. Sasa a ya kiishio imekufa na z imebaki imening'inia. Subiri kidogo tena na unaipata -ulfr ya Waviking. Katika gastiz kifo cha namna hiyo kiliacha alama: i kabla ya kuondoka ilivuta a ya shina kuelekea kwake, ndipo gestr ikapata e. Kwetu shina ndilo huamua kiambishi, tukasema pigia lakini somea. Kwao kiishio kiliamua shina, kisha kikajiondokea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa runi moja. Kila runi ilikuwa na jina, na jina lilianza na sauti yake, kama mtu anayefundisha watoto "m ya mama". Runi ya j iliitwa jara, "mwaka" au "mavuno"; hiyo ni year ya Kiingereza na Jahr ya Kijerumani. Huko Skandinavia j ya mwanzo wa neno ikaacha kutamkwa. Jara ikawa ara, baadaye ár. Sasa mwalimu anamwonyesha mtoto runi ileile na kumwambia "hii ni ara", na mtoto, bila kuambiwa zaidi, anaelewa kwamba runi hiyo ni a. Kwenye mawe ya Blekinge tunaikuta tayari ikiandika a. Hakuna serikali iliyotoa waraka. Sauti ilianguka, jina likageuka, na herufi ikalifuata jina. Kwetu sisi hiyo ni kama saa: tukiikuta runi hiyo ikiandika a, tunajua lugha imefika wapi.

Kuhusu herufi zenyewe nitasema kidogo. Mpangilio wa zamani una runi 24 na huitwa futhariki, kwa kufuata runi sita za mwanzo, f, u, th, a, r, k, kama tunavyosema alifu-bee-tee. Kwenye jiwe la Kylver, kisiwani Gotland, mpangilio wote umechongwa. Umechukuliwa kutoka alfabeti za kusini mwa Ulaya, na ugomvi ni kama mama ni Kilatini au alfabeti za kaskazini mwa Italia. Mimi naegemea Kilatini ingawa siwezi kukuapia. Kufikia karne ya 8 Waskandinavia walikuwa wamebakiwa na runi 16, wakati lugha yao ilikuwa na irabu nyingi kuliko zamani. Ndiyo, herufi zilipungua sauti zilipoongezeka. Maandishi ya ile futhariki ya zamani ni mia chache tu, mengi ni neno moja au jina. Mtu mwenye bidii anaweza kuyapitia yote, jambo usiloweza kulisema kuhusu Kilatini.

Tahadhari moja, nayo ni ya dhati. Zile orodha za "maana ya kila runi" kwa ajili ya bahati na mapenzi hazitoki kwenye maandishi haya. Majina ya runi tunayapata katika mashairi na hati za Zama za Kati, karne nyingi baada ya Gallehus, na majina ya kale kama jara yamejengwa upya kwa njia niliyokuonyesha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwaustria aitwaye Guido von List alijitungia runi 18 za kwake. Wanazi wakazipenda, na nembo ya SS, kikosi chao cha wanamgambo, ina mizizi huko. Mimi mwenyewe nilipoanza nilipoteza miezi kadhaa nikikariri orodha ya namna hiyo kutoka kitabu cha duka la mitumba, nikidhani nasoma historia.

Sasa nauli. Huihitaji kwa kuanza. Chuo Kikuu cha Uppsala kina hifadhidata ya bure ya maandishi ya runi ya Skandinavia, na Makumbusho ya Taifa ya Denmark inayo yake, yenye picha. Kiingereza chako kitakufikisha mbali. Kijerumani utakihitaji baadaye, kwa sababu mkusanyo mkubwa wa maandishi ya futhariki ya zamani, ule wa Wolfgang Krause wa mwaka 1966, uko kwa Kijerumani. Lakini hata hapo unahitaji Kijerumani cha kusoma tu, si cha kuombea kazi. Kitakachokufaa kuliko vyote ni sarufi ndogo ya Kigothi. Miezi mitatu ya Kigothi, saa moja kwa siku, na nusu ya viishio vya runi utavitambua bila kuvikariri.

Kazi ya wiki hii ni hii. Andika mstari wa Gallehus na wa Tune, mmoja chini ya mwingine. Yote miwili inaanza na ek na kuishia na kitendo chenye -o. Eleza kwa nini tawido ina d lakini worahto ina t. Utazame kwanza ni sauti gani inayotangulia. Kisha chukua jina Wiwaz, na ukijua yaliyompata haþuwulafz, niandikie jina hilo lingesikikaje kinywani mwa mjukuu wa mjukuu wa mjukuu wake. Nitumie ulichopata hata kama huna uhakika nacho.